Yule wa nyuma mwenye besi kubwa: nimsikilize vipi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimehamia Southfield, jirani kabisa na Detroit, kwa ajili ya kazi. Wenzangu kazini walinipeleka ukumbi wa Baker's kusikiliza jazz. Wa saksafoni nilimwelewa, wa dramu nilimwelewa. Ila meza ya mbele walikaa wazee fulani, na kila wakipaza sauti kushangilia wanamtazama mpiga besi aliyesimama nyuma na lile dude lake la mbao refu kama yeye. Mimi nilisikia dum-dum-dum tu. Wale wazee walikuwa wanasikia nini? Na kwa nini kila ninayemuuliza hapa ananiambia huu ni mji wa wapiga besi? Nitawaonyeshaje shukrani watu ambao kazi yao hata siijui? Tena binti yangu wa miaka 11, tangu nimwonyeshe video niliyorekodi kwa simu, anataka naye ajifunze.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole na ugeni. Tuanze na hiyo video, maana huenda ndiyo inayokuangusha. Uzi mnene kuliko yote wa besi la kusimama, ukichomolewa wazi bila kubanwa na kidole, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haina kifua cha kuitoa sauti hiyo. Inachotoa ni zile sauti nyembamba zinazoandamana nayo kwa juu, na sikio lako linakisia zilizobaki. Vaa hedifoni zinazofunika sikio lote, au washa spika kubwa za sebuleni, ndipo uanze kumtafuta mpiga besi. Kwenye simu hutampata, na wala si kosa lake.

Turudi ukumbini. Kwenye nyimbo nyingi za jazz ile iliyozoeleka, mpiga besi anapiga noti moja kwa kila pigo, nne halafu nne halafu nne, tangu wimbo uanze mpaka uishe. Wenyewe husema besi linatembea. Hayo ndiyo uliyoyasikia kama dum-dum-dum, na hukukosea. Fanya hesabu kidogo: wimbo wa kasi wenye mapigo 240 kwa dakika, ukipigwa kwa dakika 8, ni noti 1,920. Karibu zote anazitunga palepale. Anachopewa ni mpangilio wa kordi tu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja: hapa tuko Do, baada ya mapigo manane tunahamia Fa. Njia ya kutoka Do mpaka Fa anajitafutia mwenyewe. Apande, ashuke, azunguke, shauri yake. Sharti ni kwamba pigo la kwanza la kordi mpya likigonga, yeye awe ameshafika. Mpiga piano anaweza kunyamaza kidogo asiulizwe. Mwenye saksafoni anaweza kupotea njia, akarudi, na watu wakadhani ni manjonjo. Besi likipotea, wote wamepotea.

Lakini wale wazee sidhani kama walikuwa wanashangilia uchaguzi wa noti. Kwa ninavyowajua wasikilizaji wa aina hiyo, walikuwa wanashangilia urefu wa noti. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndiyo siri yenyewe na ndiyo inayowapita wageni wengi.

Noti ya besi la mbao, ikichomolewa kwa kidole, haikatiki ghafla kama ya dramu, wala haidumu kama ya kinanda cha kanisani. Inachanua, inajaa, halafu inanywea. Lini inyamaze kabisa, hilo ni la mkono wa kushoto: kidole kikilegea, sauti imekufa. Mpiga besi anayekata noti mapema anaifanya bendi iwe inarukaruka. Anayeiacha inguruke mpaka noti inayofuata ianze kuzaliwa anaifanya bendi iteleze, na mwenye saksafoni anapata mahali pa kuegemea bila kutazama nyuma. Hakuna anayeiandika tofauti hiyo kwenye karatasi. Ukienda tena, fumba macho kwenye wimbo wa mwendo wa kati, chagua noti moja ya besi, uifuate mpaka inapoishia. Kisha nyingine. Usijali kuhusu wimbo. Baada ya dakika mbili tatu utaanza kusikia pumzi ya mtu, siyo dum tena.

Ukishaizoea hiyo, ongeza toazi. Mpiga dramu wa jazz anashika mwendo kwa toazi kubwa lililo upande wa mkono wake wa kulia, ting, ting-ti-ting. Sikiliza ncha ya kijiti inapogusa shaba na uzi wa besi unapochomolewa. Kwa karatasi ni wakati mmoja. Kwa sikio, kuna mpiga besi anayetangulia kwa unywele na kuivuta bendi, na kuna anayekaa nyuma kwa unywele na kuilegeza. Wawili hao wakielewana, mguu wako unagonga sakafu bila kuuambia. Wasipoelewana utajikuta umechoka tu, hujui kwa nini, na utalaumu chakula.

Na kuna mahali pamoja ambapo nina hakika wazee hupaza sauti, kwa sababu popote penye wasikilizaji wazoefu hupaza. Wimbo ukianza, mpiga besi mara nyingi hapigi noti nne. Anapiga mbili, moja kwenye pigo la kwanza na moja kwenye la tatu. Muziki unakuwa na nafasi, umetulia. Wimbo ukishatambulishwa na mtu wa kwanza akaanza solo lake, au hata mzunguko mmoja baadaye, besi linaingia kwenye nne. Mwendo haujaongezeka hata chembe, lakini ukumbi mzima unahisi umesukumwa. Mpiga besi mwenye subira anakawia kuingia, anawaacha watu wanasubiri, wanasubiri, halafu ndio anawapa. Hapo ndipo utasikia "yes". Sasa nawe utajua kwa nini.

Ukitaka kumsikia kijana wa Detroit akiwa na besi mbele kabisa ya bendi, hana pa kujificha, chukua wimbo wa kwanza wa albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, unaoitwa So What, uliorekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959. Mpiga besi ni Paul Chambers, wakati huo ana miaka 23. Wimbo unaanza na piano na besi wakinong'onezana bila mwendo maalumu. Kisha besi linashika mwendo na kusema maneno yenyewe ya wimbo. Ndiyo, wimbo ameushika mpiga besi, na wengine wanamwitikia kwa kordi mbili tu, ya kwanza ndefu, ya pili fupi: kwanza piano, kisha na wale wa kupuliza. Sisi tuliokulia kwenye ngoma za kuimbisha na kuitikia hatuhitaji kufundishwa hapo. Baada ya hapo tarumbeta linapanda, na Chambers anaanza kutembea. Wengi wetu tukifika hapo sikio humfuata Miles. Wewe safari hii mwache Miles aende zake, baki chini. Kordi moja inadumu kwa mapigo 64, ndipo inahamia nusu hatua juu kwa mapigo 32, ndipo inarudi. Kwa mapigo 64 kwenye kordi moja, mpiga besi mwingine angejirudia mpaka ukasinzia. Chambers anatafuta njia mpya kila mara, na kila inapokaribia ile hatua ya kupanda utamsikia anajiandaa.

Chambers huyo alizaliwa Pittsburgh mwaka 1935, akalelewa Detroit baada ya mama yake kufariki. Mwaka 1955, akiwa na miaka 20, alikuwa tayari kwenye bendi ya Miles. Pamoja na kuchomoa, alikuwa mmoja wa wachache wa wakati wake waliopiga solo za jazz kwa upinde, ile namna ya fidla. Wapo wanaosema sauti ya upinde wake inakwaruza. Mimi naipenda hivyohivyo. Alifariki Januari 1969 kwa kifua kikuu, miaka 33.

Sasa nimeingia kwenye swali lako la pili. Watu wa Detroit wakikuambia huu ni mji wa wapiga besi hawakuongezei chumvi. Ukiacha Chambers, yuko Doug Watkins, mzaliwa wa mjini hapo mwaka 1934, aliyekuwa kwenye bendi ya Jazz Messengers ya mwanzo na ndiye unayemsikia kwenye albamu ya Saxophone Colossus ya mpiga saksafoni Sonny Rollins ya 1956. Yeye aliuawa na ajali ya gari Arizona mwaka 1962, hajafikisha hata miaka 28. Yuko Ron Carter, aliyezaliwa Ferndale mwaka 1937, ambako kwako ni pua na mdomo. Wote watatu walisoma Cass Technical High School, shule ya umma katikati ya mji, kwa kupishana miaka michache. Shule moja!

Watu hupenda kusema ni kipaji, au ni maji ya mto wa Detroit. Mimi naona ni mambo ya kawaida kabisa yaliyokutana. Viwanda vya magari vililipa mishahara iliyomwezesha mfanyakazi mweusi kununua nyumba na piano ya kuweka ndani, jambo ambalo huko Kusini mwa Marekani alikotoka lingekuwa ndoto. Shule za umma zilikuwa na idara za muziki za kweli, zenye okestra, waalimu na ala za kumpa mtoto. Besi la kusimama si ala ambayo mzazi anaibeba dukani kama zawadi ya sikukuu. Kama shule haina, mtoto hajifunzi. Pale Cass Tech besi lilikuwepo, na mwanafunzi alifundishwa kushika upinde na kusoma noti za Wazungu kabla hajaanza kutembea jazz usiku. Ndiyo maana wapiga besi hawa wanakaa kwenye sauti sahihi. Kumbuka shingo ya besi haina vile vyuma vya kugawanya kama gitaa. Ni ubao mtupu, kidole kikikosea kwa milimita chache, kila mtu anasikia.

Jambo jingine halipendezi kulisema, ila ndilo lililompa jazz Ron Carter. Yeye alianza na chelo akiwa na miaka 10, na nia yake ilikuwa okestra za Kizungu. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyoona pale shuleni kwamba kazi za kupiga nje, za sherehe na mikutano, zinawaendea wenzake weupe, wakati yeye chelo anaijua kuwapita. Mpiga besi wa okestra ya shule alipomaliza masomo, Carter akabadilisha ala, akakaa kwenye kile kiti. Akaenda chuo cha muziki cha Eastman huko Rochester, akahitimu 1959, na huko nako kondakta mmoja mkubwa akamwambia kwamba anapiga vizuri, ila bodi ya okestra yake haiko tayari kumpokea mtu mweusi. Miaka minne baadaye alikuwa kwa Miles Davis. Mwaka 2015 Guinness walimhesabia rekodi 2,221 alizopiga besi, na hakuishia hapo.

Kwa sisi Waswahili, Carter huyo ana jambo la kwetu ambalo wachache wanalijua. Novemba 1960, akiwa hajasikika sana, aliitwa na mpiga piano Randy Weston kurekodi albamu ya Uhuru Afrika, akapiga besi pamoja na George Duvivier. Jina ni la Kiswahili, na mwanzoni kabisa Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake. Isikilize ukiwa na hizo hedifoni. Kuisikia lugha yako pale, na chini yake kijana wa kutoka mtaa ulio jirani na unapolala leo, si haba.

Baada ya shule kulikuwa na shule nyingine zisizo na kengele. Nyumbani kwa mpiga piano Barry Harris vijana walishinda mchana wakibishana juu ya kordi. Usiku kulikuwa na Blue Bird Inn kwenye barabara ya Tireman, na kumbi nyingine za mitaa ya watu weusi, ambazo nyingi hazipo tena. Mtaa mzima wa Paradise Valley ulibomolewa ili barabara kuu ipite. Kwa sababu ya nyumba na kumbi hizo, wapiga piano na wapiga besi wa Detroit walikua kwenye vyumba vilevile. Ukitaka ushahidi, angalia majina: kwenye Saxophone Colossus piano ni Tommy Flanagan na besi ni Watkins, kwenye Giant Steps ya mpiga saksafoni John Coltrane piano, isipokuwa wimbo mmoja, ni Flanagan huyohuyo na besi ni Chambers. Coltrane aliweka kwenye albamu hiyo wimbo uliobeba herufi za jina la Chambers, Mr. P.C. Huo ndio wimbo wa kasi niliokuwa naufikiria tulipokuwa tunahesabu noti.

Na kama unadhani humjui mpiga besi yeyote wa Detroit, unamjua. James Jamerson alifika mjini hapo mwaka 1954 akiwa kijana, akajifunzia besi la kusimama Northwestern High School, akawa anapiga jazz kwenye kumbi kabla ya Motown, kampuni ya rekodi ya mjini hapo, kumchukua. My Guy ya Mary Wells, ile ya 1964, ni besi la kusimama. Gitaa la besi alikuwa ameshaanza kulipiga mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, na alilichomoa kwa kidole kimoja cha shahada cha mkono wa kulia, kama alivyozoea kwenye lile kubwa. Wapiga besi wangapi wa bendi zetu za dansi wamejifunza kutoka kwake bila kulijua jina lake? Kwenye rekodi za Motown za miaka ya 1960 majina ya wapigaji hayakuandikwa kabisa.

Hilo la majina linaniuma kidogo. Mimi besi nilijifunzia kwenye taarab Unguja, ambako dude hilohilo husimama nyuma ya fidla na akodiani, na watu wanakuja kumtunza mwimbaji. Noti za huko ni chache, nafasi kubwa, na hakuna anayekushangilia ukiingia vizuri. Ila ukiingia vibaya mwimbaji anageuza shingo. Kwa hiyo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mji ambao wasikilizaji wanajua majina ya wapiga besi wao, nilidhani ni utani.

Wanajua, na ndilo jibu langu kuhusu Detroit ya leo. Wakina Chambers waliondoka wakaenda New York, na vitabu vimewafuata huko. Mji umebaki kwa nguvu ya waliokaa, au walioondoka wakarudi. Mpiga tarumbeta Marcus Belgrave alihamia Detroit miaka ya 1960 baada ya kuzunguka na Ray Charles, akaugeuza mji kuwa darasa lake mpaka alipofariki 2015. Rodney Whitaker na Robert Hurst, wote wapiga besi wazaliwa wa Detroit, walizunguka dunia na akina Marsalis, wale ndugu mashuhuri wa jazz, kisha wakawa walimu wa vyuo vikuu vya Michigan. Na Marion Hayden, mama aliyezaliwa mjini hapo, mmoja wa waanzilishi wa Straight Ahead, bendi ya wanawake watupu, amepiga na kila mtu mwenye maana na kufundisha watoto wa wenzake. Mwaka 2025 mfuko wa Kresge ulimpa heshima yake ya msanii mashuhuri wa mji, heshima ambayo huwaendea watu wa fani mbalimbali: washairi, wachoraji. Mpiga besi, jamani.

Sababu ya wao kujulikana ni nyepesi. Mji unaweza kuwa na wapiga saksafoni wengi kuliko kazi, lakini wapiga besi wazuri wa kusimama huwa hawatoshi. Mmoja anahudumia bendi kadhaa. Jumatano utamwona na wazee, Ijumaa na mwimbaji, Jumapili mchana kanisani, katikati ya wiki darasani. Ukimfuata yeye badala ya kufuata bendi utakuwa umeuzunguka mji wote wa jazz bila ramani. Hilo ndilo ningelifanya mimi kama ningekuwa Southfield: ningechagua mpiga besi mmoja niliyempenda, nikaangalia anapiga wapi wiki ijayo, nikaenda.

Shukrani sasa. La kwanza ni kunyamaza. Solo la besi likianza, wengine hushusha sauti au huacha kabisa, kwa sababu ala ile haina ukali wa kupenya kelele. Baa nzima huchukulia ule utulivu kama ruhusa ya kuagiza vinywaji na kumalizia habari za shemeji. Nimekaa pande zote mbili za jambo hilo na nakuambia hakuna bahasha inayofidia. Sogeza kiti karibu, funga mdomo, na solo likiisha piga makofi kabla wenzake hawajaanza tena; huo ndio utaratibu, hutaonekana mshamba.

La pili, muulize jina na ulishike. Mtangazaji hutaja majina kwa haraka mwisho wa onyesho, vikombe vinagongana, na la mpiga besi ndilo linalomezwa. Mwendee wakati wa mapumziko. Usimwambie "umepiga vizuri sana" peke yake. Mwambie ulichosikia: "nilipenda ulivyokawia kuingia kwenye nne katika ule wimbo wa pili." Utaona uso wake. Ila mwache kwanza ale, maana mapumziko yenyewe ni mafupi.

Fedha: kama kuna chombo cha bakshishi, weka, na kama ukumbi unatoza kiingilio, lipa bila kuomba kupunguziwa. Ukiwa na harusi au ufunguzi wa ofisi, na Watanzania wa huko hamkosi sherehe, ajiri watatu wa kweli, piano, besi na dramu, badala ya kinanda kimoja chenye besi la kubonyeza. Waulize wanatoza kiasi gani, usiwapangie. Na uliza mapema kama kuna ngazi. Besi la kawaida lina urefu wa karibu mita 1.8, halikunji, na mwenyewe amelitoa kwenye gari kwenye theluji, pamoja na amplifaya na kiti. Ukitaka kusaidia, omba ubebe amplifaya. Besi lenyewe usiliguse mpaka uambiwe, hata kama limelala sakafuni peke yake na unaona kama litakanyagwa. Simama tu karibu uwe ukuta.

Usikose tamasha la jazz la Detroit, linalofanyika kila mwaka tangu 1980 mwisho wa wiki ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, katikati ya mji, bure. Bure kabisa. Nenda mchana, kwenye majukwaa ambayo hayana majina makubwa, kwa sababu hapo ndipo wa mji wenyewe hupangwa na unaweza kukaa mbele. Mpiga besi mara nyingi husimama katikati ya piano na dramu. Kaa usawa wake, siyo usawa wa maikrofoni.

Nimalizie na binti. Miaka 11 ni umri mzuri. Carter alianza chelo na 10, na mabesi madogo ya watoto yapo, ya robo na ya nusu, kwa hiyo usihofu mikono yake. Usinunue. Besi zima la maana ni maelfu ya dola, na mtoto anakua. Uliza kwanza shuleni kwake kama wana okestra ya nyuzi. Shule nyingi za huko zinayo, na mara nyingi besi ndicho kiti kilicho wazi, waalimu watampokea kwa mikono miwili. Isipokuwepo, kodisha kwa mwezi kutoka duka la ala za nyuzi, siyo duka la magitaa. Okestra ya Detroit ina vikundi vya vijana vya mafunzo, vya Kizungu na vya jazz, atakapokuwa ameiva kidogo.

Tafuta mwalimu atakayemwanzisha na upinde. Atanung'unika, kwa sababu alichokiona kwenye video ni kuchomoa. Upinde ndio unaomwonyesha kama kidole cha kushoto kiko mahali pake, kwani noti ndefu haina pa kuficha kosa. Kuchomoa kuanze baadaye, dakika chache kwa siku. Vidole vitatoka malengelenge, na lengelenge likipasuka asipige mpaka lipone. Ngozi itakomaa yenyewe.

Na nyumba za Michigan wakati wa baridi hukaushwa na hita mpaka mbao zinapasuka. Besi likae mbali na tundu la hewa ya moto na mbali na dirisha, na nunua kifaa cha kutia unyevu chumbani. Akimaliza mazoezi alegeze upinde, aulaze mezani, kisha alilaze besi ubavu. Halilazwi chali, na haliegemezwi ukutani hata kwa dakika moja ya kwenda kunywa maji.